Swali la Ng'ombe

Mabati ya shule yalishuka Gulwe kwa treni ya mizigo, na kabla jua halijafika utosini nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha kwenda stesheni kuyatazama. Wengine waliyapapasa. Wengine waliyagonga kwa fimbo za kuchungia wapate kusikia yanavyolia. Mzee mmoja aliinama, akauona uso wake katika bati la juu, akajitengeneza ndevu, akaondoka ameridhika.

"Msiyaguse! Mali ya shule hiyo!" Yotham alipiga kelele, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameyagusa kabla ya wote.

Kazi ya Yotham pale stesheni ilikuwa kubadili njia za treni na kuwasha taa za ishara. Kulinda mabati haikuwa kazi yake, lakini mwalimu wa shule ile alikuwa mkewe, Dorkasi, na Yotham hakuwahi kuona haya kulitaja jambo hilo. Wanaume wenzake walizoea kumtania kwamba yeye ni mume wa mwalimu. "Ndiyo," huwajibu, "na wewe ni mume wa nani?" Hapo utani huishia.

Shule yenyewe ilikuwa ya misheni, na serikali ilitakiwa kuisaidia kwa ruzuku: mshahara wa mwalimu, vitabu, chaki, na sasa mabati haya, yaliyonunuliwa rahisi huko Kongwa baada ya shamba la karanga kufa. Paa la nyasi lilikuwa limechukuliwa na upepo msimu uliopita. Tangu hapo darasa lilifuata kivuli cha ukuta kama kuku, asubuhi upande wa magharibi, mchana upande wa mashariki, na kila lilipohama kulikuwa na mtoto aliyesahau kibao chake cha kuandikia na mbuzi aliyekuja kukilamba chaki.

Jioni ile Dorkasi aliyapitia mabati, akayatazama kwa muda, kisha akamwambia mumewe, "Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya haya sitasikika hata nikipiga tarumbeta."

"Basi tuyarudishe?"

"Thubutu!" akasema, wakacheka mpaka nyumbani.

Siku ya pili akaja Bartolomayo. Huyu alikuwa karani wa kamati ya ruzuku ya Dodoma, kijana wa Ugogo huko huko, aliyesoma darasa moja na Yotham kabla hajapata kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi za kufika magotini. Bila sahihi yake mabati yasingetoka stesheni. Alizunguka ukuta wa shule, akasikiliza watoto wakisoma, akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Kisha akamvuta mwalimu pembeni.

"Mama Mwalimu, kuna jambo dogo kabla sijatia sahihi."

"Jambo gani, Bwana Karani?"

"Somo moja la hesabu. Kila mtoto asimame, aseme nyumbani kwao kuna ng'ombe wangapi na mbuzi wangapi. Wewe unaandika. Watoto wanapenda kusema, unawajua mwenyewe. Mimi nitapita Ijumaa kuchukua."

"Nani anataka kujua?"

"Kamati."

"Kamati ya elimu imeanza kufuga?"

Bartolomayo alicheka, akatazama nyuma yake. "Ni Bwana Mifugo ameomba. Unajua amri ya kupunguza mifugo. Kila wakienda kuhesabu, ng'ombe wamelala porini, au wanaambiwa hawa si wangu, nimeazima kwa rafiki. Watu wazima wana maneno mengi. Lakini mtoto wa shule hadanganyi."

"Hadanganyi kwa sababu nimemfundisha asidanganye," Dorkasi akasema. "Imenichukua muda mrefu. Sasa nikautumie ukweli wake kumfunga baba yake?"

"Hakuna anayefungwa, Mama. Watauza wachache mnadani, basi."

"Kwa bei ya nani?"

Karani alijifuta jasho, akaelekeza kidole stesheni, mahali mabati yalipokuwa yakimeta. "Ruzuku iko pale, Mama Mwalimu. Somo moja tu."

Nyumbani walikula ugali wa uwele kwa mlenda, wote watatu: Dorkasi, Yotham na Mama Hana, mama yake Yotham, ambaye alikuwa hapendi kusemeshwa wakati wa kula lakini yeye mwenyewe alisema muda wote.

"Mimi naona hivi," Yotham alisema. "Waambie watoto waseme watano. Kila nyumba ng'ombe watano. Bartolomayo anapata karatasi yake, sisi tunapata paa."

"Na kesho nikimwambia mtoto usinakili kwa mwenzako, atanielewa?"

"Wewe nawe. Hesabu ya ng'ombe na kunakili vinahusianaje?"

"Kwangu ni kitu kimoja."

Mama Hana alimega tonge, akalichovya. "Na Matonya je? Watoto wake si wako hapo shuleni?" Matonya alikuwa mwanawe mkubwa, kaka yake Yotham, mwenye zizi kubwa upande wa ng'ambo ya reli.

"Kaka naye awe na watano kama wengine," Yotham alisema. "Kwani ana wangapi hasa, mama?"

"Mimi niliyemzaa sijui, utajua wewe?" Mama Hana alishangaa. "Na kama ningejua, ningekuambia wewe, mtu wa serikali ya treni?"

Yotham alitazama sahani. Alikuwa mtu mchangamfu, lakini mshahara wa mkewe ndio uliowajengea nyumba yenye madirisha, na alijua vizuri mshahara huo ulikuwa ndani ya ruzuku ileile. Akasema polepole, "Dorkasi, wakikata, watakata vyote."

"Najua."

"Si mabati tu."

"Najua, Yotham. Kula."

Habari ya karani ilizunguka kijijini kwa miguu yake yenyewe, na kila ilikopita iliongezwa. Alhamisi asubuhi, kabla kengele haijapigwa, Matonya alisimama mlangoni kwa mdogo wake, amejifunga shuka begani, udongo mwekundu unang'aa kichwani, fimbo mkononi.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, shemeji. Karibu ndani," Dorkasi akaitikia.

"Siingii. Nimesikia mwalimu anahesabu ng'ombe."

"Sijahesabu."

"Nimesikia atahesabu."

"Sitahesabu."

"Karani alikuja kufanya nini?"

"Kuniomba nihesabu."

"Umeona!" Matonya akageukia ukuta kana kwamba ukuta ni shahidi. "Shemeji, mimi sina ugomvi nawe. Wewe ni mke wetu. Lakini mtoto akirudi nyumbani namwuliza amesoma nini, ananiambia 'a e i o u'. Sawa. Mtoto akienda shuleni anaulizwa baba ana nini, hiyo si shule, huo ni mtego wa kware. Wanangu watachunga mpaka mambo yatulie."

"Matonya, nimekuambia nimekataa."

"Umekataa leo. Mshahara unalipwa na nani?"

Akaondoka zake. Swali lile lilimwuma Dorkasi kuliko maneno yote, kwa sababu halikuwa la kijinga.

Kisimani, pale akina mama walipochimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, walimpisha wote kwa pamoja alipofika, haraka, kama anavyopishwa mgonjwa wa ndui. Aliteka maji kwa kibuyu chake peke yake, hakuna aliyemtwisha. Alijitwisha mwenyewe, maji yakamwagikia kifuani, akaenda zake shingo imenyooka. Alipofika nyuma ya miti ya mikakaya ndipo alipotua ndoo, akalia kidogo, akanawa uso kwa maji yaliyobaki.

Ijumaa Bartolomayo alirudi. Alikuta watoto wachache wamekaa kivulini, wote wa wafanyakazi wa reli, ambao nyumbani kwao mfugo mkubwa ulikuwa kuku.

"Wengine wako wapi, Mama Mwalimu?"

"Wanachunga. Umewarudisha kwa ng'ombe wao."

"Mimi?"

"Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba hao watoto. Nimekaa na wazee, nimekunywa pombe ya mtama nisiyoipenda, nimeambiwa mtoto wa kike akijua kusoma atakimbia na mtu wa treni. Nikawapata mmoja mmoja. Wewe umewamaliza kwa swali moja, na hata sijaliuliza."

Bartolomayo alisimama na kalamu yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake mtaa wa Kikuyu, pale Dodoma, aliyemtegemea, na bosi aliyependa majibu. Akasema kwa sauti ya chini, "Itabidi niseme umekataa."

"Sema nimekataa. Usiseme nimeshindwa."

Baada ya siku chache akaja Mchungaji Elieza, msimamizi wa shule kwa upande wa kanisa, kwa baiskeli yenye kengele iliyolegea ikajipigia yenyewe njia nzima. Alikunywa chai, akasafisha koo mara nyingi.

"Mwanangu Dorkasi, Kaisari naye ana vyake."

"Ana vyake, Mchungaji. Basi Kaisari aende akawaulize wenye ng'ombe. Kwa nini anajificha nyuma ya watoto?"

Mchungaji alitafuta aya nyingine, hakuipata. "Wanakuita Dodoma mbele ya kamati," akasema. "Nitakuwepo. Sijui nitasema nini, lakini nitakuwepo."

Dorkasi alifika Dodoma na vumbi la behewa la daraja la tatu limemkaa nyweleni. Ofisi ya kamati ilikuwa na baraza lenye benchi moja la mbao, na kwenye benchi hilo alikuwa ameketi mama wa Kihindi, nguo yake ya kijani imekunjwa vizuri magotini, mkoba wa chakula pembeni.

"Kaa, dada," mama yule alisema. "Hawa watu wanapenda kutungojesha. Mimi Sherbanu. Nafundisha wasichana, shule ya jumuiya yetu."

"Mimi Dorkasi, natoka Gulwe."

Asubuhi ilipita. Makarani walikatiza mbele yao na birika za chai, za watu wa ndani tu. Mzungu mmoja kijana alifika, akaingia moja kwa moja. Ilipokuwa karibu adhuhuri Sherbanu alifungua mkoba, akatoa chapati moja kubwa.

"Umeitwa kwa kosa gani?"

Dorkasi akamweleza. Sherbanu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Mimi nimekuja kudai. Wasichana wangu wanapewa pungufu kuliko wavulana. Tazama nikuonyeshe." Akakata kipande kikubwa cha chapati, akakiweka juu ya karatasi. "Huyu mtoto wa Kizungu." Akakata kipande kidogo. "Huyu mtoto wangu. Sisi tunachanga wenyewe kujaza." Kisha akachukua kijipande cha pembeni, kilichoungua. "Huyu wako."

Dorkasi alikitazama kile kijipande. Alikuwa akijua ni kidogo. Hakuwahi kukiona.

"Na shule yenu," akauliza, "watoto huulizwa baba zao wameuza kiasi gani dukani?"

"Waulize!" Sherbanu alipandisha nyusi. "Siku hiyo tutafunga mlango na kumeza ufunguo. Mume wangu Mehboob hata mimi haniambii." Akavikusanya vipande vyote pamoja, akaipasua chapati iliyobaki katikati. "Kula, dada. Hapa kwenye benchi tunagawana nusu kwa nusu."

Walikuwa hawajamaliza kutafuna Dorkasi alipoitwa.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mkaguzi wa elimu, Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili cha kitabuni. Kulikuwa na yule kijana wa Kizungu, kumbe ndiye Bwana Mifugo, mjumbe wa mtemi aliyevaa koti juu ya kanzu, Bartolomayo na wino wake, na Mchungaji Elieza, anayesafisha koo.

"Mwalimu," Mkaguzi akaanza, "wewe umekataa amri."

"Sikuletewa amri, Bwana. Nililetewa somo. Somo ni kazi yangu, nikaliangalia, nikaona halifai."

"Hesabu ni somo zuri."

"Ni zuri. Lakini somo humfaidisha anayefundishwa. Hili linamfaidisha Bwana Mifugo."

Mjumbe wa mtemi alikohoa ndani ya kiganja, na kikohozi chake kilifanana sana na kicheko. Kijana wa mifugo akasema kitu kwa Kiingereza. Mkaguzi akamwinulia mkono.

"Serikali inatoa ruzuku," alisema. "Serikali ina haki ya kusaidiwa."

"Bwana, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Watoto wa shule ya Wahindi huulizwa maduka ya baba zao? Na watoto wa Kizungu, kabla shule yao haijaezekwa vigae, waliulizwa nini?"

Mkaguzi alibadilika rangi, akawa mwekundu kama udongo wa nje. "Hilo si jambo la kikao hiki," akasema.

"Basi na ng'ombe si jambo la kikao hiki."

Alijishangaa mwenyewe kwa kusema vile. Akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayefafanua somo gumu, bila hasira. "Mtoto akiniuliza kitu, ninamjibu ukweli. Na mimi nikimwuliza kitu, lazima awe na hakika namwuliza kwa ajili yake yeye. Hakika hiyo ikivunjika, sina shule. Hata mkinipa mabati ya kuezeka Dodoma nzima, nitakuwa na paa tu."

Hapo Mchungaji Elieza alisimama. Watu wote walimtazama, na yeye pia alionekana kushangaa kuwa amesimama. "Kanisa," akasema, "linakubaliana na mwalimu." Akaketi.

Hawakushinda. Kamati iliamua ruzuku ya shule isimamishwe mpaka itakapoelezwa vinginevyo, mwalimu apewe onyo, na mabati yapelekwe shule nyingine ambayo mwalimu wake alikuwa ameleta hesabu. Dorkasi alipokuwa akitoka, Mkaguzi alimfuata hadi mlangoni.

"Shule yako nimeikagua," alisema kwa sauti ya chini. "Watoto wako wanasoma vizuri kuliko wengi wa mjini."

"Ahsante, Bwana. Uliandika hivyo?"

"Niliandika."

"Basi wasomee wenzako."

Sherbanu alikuwa bado kwenye benchi. Alimtazama usoni, akamfungia chapati nyingine kwenye karatasi kwa safari.

Mabati yaliondoka siku ya mnada, stesheni ikiwa imejaa watu. Wapakiaji waliyabeba mawili mawili wakayatupa kwenye behewa, na yalilia mpaka mbuzi wakakimbia. Aliyetakiwa kugeuza njia ili treni ile itoke ni Yotham. Alishika mtambo kwa mikono miwili, akauvuta. Ulikuwa mzito siku hiyo, au mikono ilikuwa mizito.

"Yanakwenda wapi?" Matonya aliuliza. Alikuwa amesimama kando ya reli na wazee wenzake.

"Kwa mwalimu aliyehesabu," Yotham akajibu bila kumtazama.

"Na wetu?"

"Wenu hakuhesabu. Wamemkatia na mshahara. Tangu mwezi uliopita tunakula wangu." Akageukia treni, akajifanya anaiita. "Nilimwambia aseme watano watano. Akanitazama kama mtoto aliyekosa. Haya, kaka, ondoka relini, utagongwa."

Matonya aliondoka relini. Treni ilipita, mabati yakimeta juu yake, na wazee walisimama wakiyatazama mpaka yakawa nukta. Kisha mmoja akatema mate, akasema, "Kumbe wake zetu walimpisha kisimani bure."

Jumatatu Dorkasi alipiga kengele kwa mazoea tu. Alipogeuka, njia ya kutoka ng'ambo ya reli ilikuwa inatimka vumbi. Watoto walikuwa wanakuja, wale wa zamani, na nyuma yao wengine asiowajua, na mbele yao wote Matonya, amemshika mkono binti yake Lydia, ambaye alikuwa amefichwa shule ilipoanza kwa maelezo kwamba ni mgonjwa wa tumbo.

"Tumbo limepona?" Dorkasi akauliza.

"Limepona ghafla," Matonya alisema, akatazama pembeni. Kisha akazunguka ukuta wa shule akiupima kwa fimbo. "Shemeji, hili jengo lako ni la kizungu, lakini ukuta ni ukuta. Sisi hatujui bati. Tunajua tembe."

Wakaezeka tembe. Wanaume walileta nguzo na fito, wanawake walibeba udongo wakiimba nyimbo ambazo Mchungaji Elieza, aliyekuja kusaidia, alijifanya hazisikii. Paa lilikuwa bapa na zito, na mvua za kwanza zilipokuja lilivuja pembe moja tu. Ndani mlisikika kila neno.

Paa walipata, lakini vitabu hawakuwa navyo, wala chaki. Dorkasi alifundisha kwa mkaa na kwa kitabu kimoja kilichopitishwa mkono kwa mkono mpaka kikapoteza jalada. Watoto walikuwa wengi mno kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo mmoja hakuwa na mshahara. Kulikuwa na siku Yotham alirudi amechoka akakuta chai haina sukari, akainywa kwa kelele nyingi za kuisifu, na Dorkasi akamwambia anyamaze.

Baada ya mavuno Matonya alikuja, ameoga, na shuka jipya.

"Wazee wameamua tuende Dodoma. Kodi tunalipa. Kodi yenyewe haijawahi kukataliwa. Tukaulize inakwenda shule gani. Sasa nifundishe, shemeji, niseme nini mbele ya Wazungu."

"Sikufundishi."

"Wewe si mwalimu?"

"Ndiyo sababu. Nikikuwekea maneno mdomoni, watasema mwalimu amewatuma, na watakuwa wamesema kweli. Unajua unachotaka?"

"Nataka Lydia awe na kitabu chake. Nataka mwalimu wa pili. Nataka wewe ulipwe, maana mdogo wangu amekonda."

"Basi kaseme hivyo."

Walipanda treni watatu. Walirudi baada ya siku mbili, na jioni hiyo nyumba ya Yotham ilijaa mpaka uani. Mama Hana alimkalisha Matonya kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akamwamuru aeleze tangu mwanzo.

"Tukangojeshwa kwenye benchi," Matonya alisema. "Mama mmoja wa Kihindi akatuuliza kama tunatoka kwa Dorkasi, akatulisha. Tukaingia. Nikasema niliyokuja kusema. Yule kijana wa ng'ombe alikuwepo. Akaniangalia, akaniuliza kwa Kiswahili chake, 'Mzee, wewe una ng'ombe wangapi?'"

"Eh!" watu waliguna.

"Nikamwambia: Bwana, ahsante. Leo umeniuliza mimi mwenyewe. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyoulizwa. Vuta kiti tuzungumze."

"Akavuta?"

"Alikuwa amekwisha kaa, lakini alisogea. Tukazungumza mpaka jua likainama, juu ya majani, juu ya maji, juu ya bei ya mnada inayotuibia. Sijui kama alinisikia yote. Lakini alikuwa anaandika yeye, si mtoto."

Mama Hana aliinama mbele. "Na wangapi ulimwambia?"

Matonya akamtazama mama yake kwa mapenzi makubwa. "Mama," akasema, "hata wewe?"

Kicheko kilichotoka uani kiliwaamsha kuku.

Ruzuku ilirudi mwaka uliofuata, ikiwa pungufu kuliko ya kwanza. Mkaguzi aliileta taarifa mwenyewe, akakaa darasani asubuhi nzima, akaondoka bila kumwagiza mtu chochote. Mwalimu wa pili alikuja, kijana mwenye haya aliyeogopa mbuzi. Onyo la Dorkasi halikufutwa, na kila orodha ya kupandishwa vyeo ilipotoka jina lake halikuwemo. Alidai vitabu zaidi, akapewa baadhi, akadai tena. Mara mbili kwa mwaka alipanda treni kwenda kukaa kwenye benchi lile na Sherbanu, ambaye naye alikuwa hajapata alichokuja kudai.

Tangu shauri lile alikuwa amekwepa kabisa kutaja mifugo katika hesabu. Watoto wake walijumlisha maboga, walitoa mayai, waligawanya karanga. Asubuhi moja Lydia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, maboga tumechoka. Hatuwezi kuhesabu ng'ombe?"

Mwalimu mpya alisimama mlangoni na mdomo wazi. Dorkasi alitazama zile nyuso, moja baada ya nyingine, akaona hakuna hata mmoja anayeogopa. Akachukua chaki, chaki halisi, akachora ubaoni ng'ombe mwenye pembe ndefu na kiwiliwili kama gunia. Watoto walipiga kelele kwamba amekosea mkia.

"Njoo unionyeshe," akasema, akampa Lydia chaki.